Pampu ya Bi Siajabu na Wachumba Watatu wa Wizara

Palikuwa na nchi, na mpaka leo ipo, ila jina lake tuliache, maana watu wake ni wapole na mawaziri wake ni wepesi wa kuumia. Ilikuwa nchi yenye wimbo mzuri wa taifa, barabara laini ya kwenda uwanja wa ndege, na Wizara ya Vitu Vyote. Wizara hiyo ndiyo iliyotunza mali ya umma: magodoro ya hospitali, chaki za shule, sufuria za magereza, mabomba ya maji, na lile zulia jekundu la wageni ambalo halikuwahi kukosekana stoo hata siku moja.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Mchangani, aliishi mjane mmoja, Bi Siajabu binti Heri. Mumewe, marehemu Mzee Athmani, alikuwa mchimba visima. Kabla hajafa alichimba kisima kimoja kwa mikono yake nyuma ya msikiti, akakitoa sadaka, kwamba kila atakayekunywa pale, yeye huko aliko apate fungu lake. Kisima kilikuwa kirefu, maji hayapandi bila pampu. Na pampu ilikufa.

Watu wa Mchangani wakarudi kununua maji ya madumu. Bi Siajabu hakuona taabu kubeba ndoo, alishazoea. Kilichomkosesha raha ni kwamba yule mzee wa watu, aliyeingia shimoni na sururu mpaka kifua kikamwishia, sasa amelala kaburini na thawabu zake zimekatwa kwa sababu ya kipande cha chuma. Kila akimaliza swala ya alfajiri alimshitakia Mungu jambo hilo, kisha akajitanda ushungi akaenda kulishitaki Wizarani, maana Mungu alikuwa anajibu kwa subira na Wizara nayo pia.

Pampu yenyewe ilikuwapo. Mtunza stoo, Bwana Mtengwa, mtu mwembamba mwenye huruma, alimpeleka mpaka dirishani akamwonyesha. Ilikuwa ya buluu, ndani ya kreti la mbao, na ubavuni imeandikwa kwa rangi nyeupe: MCHANGANI.

"Hiyo hapo, mama," akasema. "Ni yenu. Hakuna anayebisha."

"Basi nipe."

"Hapana, siwezi. Tunalinganisha mifumo."

Ikabidi amweleze, na alimweleza vizuri. Mfumo ni programu ya kompyuta ambayo wizara nzima inaingia humo ndani: stoo, manunuzi, mishahara, magari, likizo, vyote vinakaa pamoja na kuonana. Wanaouza mifumo hiyo ni wengi, na kila mmoja anasema wake ndio mfumo. Kwa hiyo Mheshimiwa Waziri, Daktari Mapana, ameamuru kisitoke kitu chochote stoo mpaka mfumo upatikane, ili ukija ukute vitu vimetulia.

"Na hospitali wanalalia nini?" Bi Siajabu akauliza.

Bwana Mtengwa akasema hospitali nao wameambiwa watulie.

*

Kamati ya Kulinganisha Mifumo ilikwisha safiri nchi za mbali kwenda kujifunza namna ya kulinganisha. Ilirudi na masanduku mazito na maarifa mengi. Iligundua kwamba kila mfumo unafanya kila kitu, na kwamba kwenye vitabu vya matangazo vya makampuni yote kuna watu wale wale wanaocheka wakitazama kompyuta. Hapo ulinganisho ukakwama. Zaidi ya hapo, kamati ilirudi imegawanyika. Nusu walikuwa watu wa Mkupuo, waliotaka wizara nzima ihamie kwenye mfumo siku moja, asubuhi watu waamke wamekwisha kuwa wapya. Nusu walikuwa watu wa Hatua, waliotaka ianze idara moja, ijaribiwe, irekebishwe, ndipo ifuate nyingine. Pande hizi mbili zikafikia mahali hazisalimiani kwenye ngazi, na mtu wa Mkupuo akimkuta mtu wa Hatua kwenye lifti anangoja nyingine.

Mheshimiwa Mapana aliwapatanisha kwa busara iliyomletea sifa mpaka redioni. Alitangaza kwamba wizara itafuata mkupuo wa hatua kwa hatua: kila kitu kitabadilika kwa pamoja, polepole. Pande zote mbili zikapiga makofi, kila mmoja akijua ameshinda.

Kisha akazungumza juu ya kuchagua. "Ndugu zangu," akasema, "mfumo si mbuzi kwamba utamtazama meno. Mfumo unaingia ndani, unajua siri zako, unajua mshahara wako, unajua jana ulikuwa wapi na gari la serikali. Na kuutoa ukishaingia ni kazi. Hii ni ndoa. Na sisi kuoza tunajua, tangu kwa bibi zetu."

Makofi yalikuwa marefu. Kwa mara ya kwanza tangu kamati iundwe, kila mjumbe alielewa kazi yake. Wizara ikawa ndiyo bibi harusi. Makampuni yakaandikiwa kwamba yalete posa kama watu wenye adabu: barua kwenye sinia, imefunikwa kitambaa, imeletwa na washenga wanaojua kusema. Kamati wakawa wazee wa upande wa kuumeni, kisha wakakumbushana kwamba sisi ni upande wa kukeni, wakajirekebisha.

Kikapungua kitu kimoja tu, mwanamke mtu mzima wa kupokea wageni na kutandika mkeka. Katibu wa kamati, Bwana Tosiri, alitoka ukumbini akitazama huku na huku, akamwona Bi Siajabu kwenye benchi lake la kila siku. Akamuuliza kama amewahi kuoza. Bi Siajabu akasema mabinti wanne wa kwake na wengine wa jirani. Akaingizwa ndani, akapewa kiti na chupa ya maji, na kuanzia hapo akaitwa Mtaalamu Mwelekezi.

Bi Siajabu hakuwa mjinga wala hakujipa ukubwa. Aliona ni heri akae ndani ya chumba kinachoizuia pampu kuliko kukaa nje yake. Akaomba neno moja kabla hawajaanza. Akauliza, katika wachumba hao, ni yupi atakayetoa pampu ya Mchangani.

Bwana Tosiri akasema swali ni zuri sana, litawekwa kwenye Mengineyo.

*

Mchumba wa kwanza aliitwa Bahari Saba, kampuni kubwa ya ng'ambo. Washenga wake walikuja kwa magari meusi, suti kali, wakakataa kuvua viatu kwenye mkeka. Walisema mfumo wao unatumiwa na mataifa makubwa, haubadilishwi hata nukta, bali wizara ndiyo itakayobadilika iufuate. Kwa mfano, kwenye mfumo wao ombi la kitu lina majibu matano: limepokelewa, linasubiri, limekataliwa, limechelewa, limekamilika. Yote matano lazima yaonekane, kuanzia kwa karani mpaka kwa waziri.

Mheshimiwa akauliza kwa upole kama hilo la "limechelewa" linaweza kufichwa kidogo. Wakasema haliwezekani.

Walipotoka, wazee wakaguna. Mmoja akasema huyo mume hajaoa bado anawafokea wakwe, akioa si atawapiga. Wakamkataa kwa kukosa adabu.

Mchumba wa pili walikuwa vijana wa hapo hapo mjini, watatu, waliosoma kwa shida na kujitegemea. Walikuja kwa miguu, posa yao iko kwenye bahasha ya kaki, na sinia waliliazima kwa mama ntilie wa jirani, kwa hiyo lilinukia maharage. Mfumo wao, walisema, si ghali. Wangependa waanze na stoo moja tu. Watakaa na mtunza stoo waone anavyotoa na kupokea vitu, watarekebisha palipoharibika, kisha ndipo waende stoo ya pili. Walipoulizwa baba zao ni akina nani, walitaja watu ambao hakuna mjumbe aliyewahi kuwasikia.

Hao hawakukataliwa. Waliambiwa wangoje, na kwa habari tulizonazo bado wanangoja.

Mchumba wa tatu aliitwa Kampuni ya Utakavyo. Hao, jamani, walijua kuoa. Walivua viatu mlangoni na soksi zao hazikuwa na matundu. Mshenga wao mkuu alikuwa baba mmoja mnene, sauti ya asali, aliyesalimia kila mzee kwa jina na kumuulizia hali ya mguu wake unaouma. Walileta sinia la halua, udi, na khanga doti kwa doti. Kuhusu mfumo walisema jambo moja tu, kwamba wao hawana mfumo. Wana kitambaa na mkasi. Kila bwana mkubwa aseme anavyotaka, nao watashona.

Mshenga akamgeukia Bi Siajabu, akamwekea doti mapajani kwa mikono miwili. "Na wewe shangazi," akasema, "nimesikia una haja yako ya pampu. Hilo litakuwa la kwanza. Kabla ya mshahara wa waziri."

Hapo tuseme kweli. Zilipohesabiwa kura, zote zilikwenda kwa Utakavyo, na mkono wa Bi Siajabu ulikuwa wa kwanza kunyooka. Khanga ilikuwa nzuri, na alimfikiria mzee wake.

*

Ikawa kazi ya kushona. Watu wa Utakavyo walipita ofisi kwa ofisi na kupima matakwa. Mkurugenzi wa Magari alitaka mfumo usioonyesha magari yako wapi siku za Jumamosi. Wakashona. Mkurugenzi wa Utumishi alitaka mtu akiomba likizo mfumo umpe pole badala ya likizo. Wakashona. Mkubwa wa Manunuzi hakutaka pawe na nafasi ya kuandika bei ya pili, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa inamtosha. Hiyo nayo ikashonwa, tena kwa uzi mara mbili.

Ndipo wakafika kwa Mheshimiwa Mapana. Wakamtandikia yale majibu matano ya ombi, kila moja na rangi yake. Yeye hakuwa na tamaa. Alisema tangu utoto wake rangi nyekundu inampandisha presha, basi kusiwe na nyekundu. Wakaondoa "limekataliwa" na "limechelewa". Njano nayo, akasema, inamkumbusha homa. Wakaondoa "linasubiri". Akatazama lililobaki, "limepokelewa", akasema neno hilo linamfanya mtu aulize sasa baada ya kupokelewa ikawaje, na maswali ndiyo yanayoleta fujo nchini. Wakaliondoa.

Likabaki moja: LIMEKAMILIKA, kwa kijani kizuri cha mchicha.

Mheshimiwa akalitazama kwa muda, macho yakamlowa. "Huu ndio mfumo," akasema. "Huu unanielewa."

Maombi yote ya nchi nzima yakamiminwa humo kwa mkupuo, hatua kwa hatua. Na kwa kuwa kila ombi lilipaswa kupata jibu, na jibu lilikuwa moja tu, kufikia adhuhuri hospitali zote za nchi hiyo zilikuwa na magodoro, shule zote zina chaki, na pampu ya Mchangani imetolewa stoo, imepokelewa na Siajabu binti Heri, imefungwa, inavuta maji.

Bwana Tosiri alimpigia simu mwenyewe kumpa hongera.

"Lakini mimi niko hapa kisimani, baba," Bi Siajabu akasema. "Ni pakavu."

Bwana Tosiri akamshauri asogee pembeni, labda amesimama mahali pabaya.

*

Mfumo ulizinduliwa Mchangani penyewe. Wizara ilileta mahema, viti vya plastiki, bendi ya polisi, lile zulia jekundu, na skrini kubwa iliyosimamishwa juu ya mdomo wa kisima mpaka kisima kisionekane. Mheshimiwa alitoa hotuba ndefu. Alisema nchi nyingine zinahangaika na maji wakati maji ni jambo la kupanga tu. Kisha akabonyeza kitufe. Kwenye skrini kikatokea kisima kilichochorwa, na maji ya kuchora yakaruka juu, na chini yake pakaandikwa lile neno la kijani. Watu wa viti vya mbele wakapiga makofi. Watu wa nyuma, waliokuja na ndoo zao, wakatazamana.

Kwenye ratiba palifuata: Mheshimiwa anakunywa maji ya kisima. Mwenye kubeba sinia alikuwa Bi Siajabu, kwa heshima ya ujane wake na utaalamu wake. Alikwenda nyuma ya hema kumuuliza Bwana Tosiri atie maji gani. Bwana Tosiri akashtuka. Akasema ratiba imeandika maji ya kisima, na yakitiwa mengine itakuwa wamewadanganya wananchi mchana kweupe, na yeye hawezi kushiriki jambo kama hilo.

Bi Siajabu akaitazama glasi tupu mkononi mwake. Akaipangusa, akaiweka kwenye sinia, akaipeleka kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga.

Mheshimiwa akaipokea. Akatazama ndani. Akatazama kamera. Akainua kichwa, akanywa, koo likipanda na kushuka, akaishusha glasi na kujifuta midomo.

"Matamu," akasema. "Tena baridi."

Bendi ikapiga. Jua lilikuwa la utosini, hotuba ilikuwa imemkausha, na suti ile ilikuwa ya nchi za theluji. Baada ya kitambo Mheshimiwa akamwinamia katibu wake, akasema kwa sauti ya chini apatiwe maji.

Bwana Tosiri akatazama kompyuta yake ndogo. "Mheshimiwa umeshakunywa. Mfumo umeandika."

"Nina kiu, Tosiri."

"Kiu imekamilika, Mheshimiwa. Siwezi kuifungua tena. Hakuna mahali pa kubonyeza, ulipaondoa mwenyewe."

Bi Siajabu aliyasikia hayo, na hata kama mtu ni waziri, kumnyima maji mwenye kiu ni dhambi. Akaenda nyumbani kwake, akachota kopo kwenye dumu, akalificha ndani ya khanga, akampa nyuma ya hema. Mheshimiwa akalinywa lote bila kupumua, akageuza kopo kutazama kama limebaki tone.

"Maji haya ni ya wapi?"

"Ya kununua, Mheshimiwa. Kisima hakina pampu."

Akamrudishia kopo. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kusema jambo, na pengine angelisema, lakini bendi ilianza wimbo wa taifa akalazimika kusimama wima. Ulipokwisha alimwambia tu: "Hili la kopo lisiingie kwenye taarifa."

*

Kesho yake Bi Siajabu alikwenda stoo, na safari hii hakwenda peke yake. Alikuwa na jirani yake Bi Sikudhani, mwanamke mwenye mdomo na mabega, na mkokoteni wa kukodi. Akamkuta Bwana Mtengwa amekaa mbele ya kompyuta, ameshika tama.

"Pampu yenu ilishatoka, mama," akasema.

"Ile pale naiona."

"Unaiona, hata mimi naiona. Lakini haipo." Akashusha sauti. "Na inanitesa. Mkaguzi anakuja wiki hii. Nikikosa kitu ambacho daftari linasema kipo, hilo najua kulijibu, nimelijibu miaka yote. Lakini nikikutwa na kitu ambacho hakipo, nitaliambia nini taifa? Wallahi, atakayeniondolea hicho kitu nitamwombea dua mpaka nife."

Bi Sikudhani akaanza kukunja khanga kiunoni. Bi Siajabu akamzuia. Alitaka kujua kwanza kama huo ni wizi, maana hakuwa tayari kumpelekea mumewe thawabu za haramu.

Bwana Mtengwa akamgeuzia kompyuta asome mwenyewe. Alisoma polepole, kwa kidole. Jina lake lilikuwapo: amepokea. Ubavuni mwa kreti pameandikwa Mchangani. Ombi lilikubaliwa tangu zamani. Akatafuta pembe zote za jambo lile dhambi iko wapi, asiione.

"Lakini sitasema uongo getini," akasema. "Nikiulizwa nitajibu."

"Ukiulizwa jibu," Bi Sikudhani akasema. "Mimi nitakuwa nasukuma."

Wakapakia, Bwana Mtengwa akisaidia kwa nguvu ambazo mwili wake haukuonyesha kuwa nazo. Getini alikuwapo askari aliyeitwa Machupa, kijana wa kufuata sheria, aliyefundishwa kutumia mfumo semina nzima na kupewa cheti. Akasimamisha mkokoteni.

"Mmebeba nini?"

"Pampu ya kisima cha Mchangani," Bi Siajabu akajibu wazi.

Machupa akaingia kibandani, akabonyeza, akasubiri, akarudi amekunja uso. "Hakuna pampu stoo."

"Ndiyo hii, mwanangu. Ya buluu."

Akaitazama ile pampu, akaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia chuma. Akarudi kibandani kuhakikisha, akatoka tena amekasirika zaidi.

"Mama, pampu ya Mchangani ilishafungwa, inatoa maji, Mheshimiwa amekunywa, taifa zima limeona. Mtu mzima, na ushungi wako huo, unasimama mbele ya serikali unasema uongo?"

"Nasema kweli, baba."

"Sasa kama ingekuwa kweli ingenibidi niizuie, na siwezi kuzuia kitu ambacho hakipo. Ondokeni hapa kabla sijawafungulia kesi ya kutaka kunichezea." Akafungua geti. Mkokoteni ulikuwa mzito, ukakwama kwenye tuta, naye kwa kuwa alilelewa vizuri na mama yake akausukuma kwa bega mpaka ukavuka.

*

Fundi aliifunga siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Ilikohoa, ikatema tope, kisha maji yakaja, na wanawake wa Mchangani wakapanga ndoo mpaka mlango wa msikiti. Bi Siajabu hakuchota. Alikaa kwenye jiwe alilopenda kukaa mumewe, akitazama kila anayekunywa, midomo ikimcheza kimya kimya.

Katika waliokuja jioni ile alikuwamo Machupa, aliyepanga chumba mtaa wa pili, ametoka zamu, shati begani. Akanywa kata ya kwanza, akanywa na ya pili, ndipo akamtambua. Akaitazama pampu ya buluu, ikinguruma. Akamtazama yeye. Akachuchumaa mbele yake akamwomba radhi kwa lile neno la getini, akauliza kwa wasiwasi kama inampasa kuripoti.

"Ripoti nini?" Bi Siajabu akamuuliza.

Machupa akafikiri. Kwenye mfumo Mchangani ilikuwa na pampu, na mbele yake Mchangani ilikuwa na pampu. Hapakuwa na pa kubonyeza.

"Basi kunywa," akamwambia. "Kunywa na nyingine. Kuna mzee wangu mahali anaipokea."